Makasi ya Mama Prof

Ukimwuliza Mama Prof kama maji ya chai yamechemka, atakujibu, "Bado." Ukimwuliza kama mvua imekatika, atautoa mkono dirishani, auangalie, aurudishe ndani: "Bado." Mtaani kwetu hapa Kamina watoto wanamwita Mama Bado, tena mbele ya uso wake, naye anaitika bila kununa. Mimi namwita Prof, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na marehemu mama yake, mjane wa mwuza vitenge, ambaye baada ya bintiye kupata shahada ile kubwa hakukubali tena mtu yeyote wa familia amtaje kwa jina la utotoni. Hata kaka zake, wafanyabiashara wenye ndevu na maduka, walilazimika kusema mezani, "Prof, leta chumvi."

Kazi yake iko Ulaya na nyumba yake iko hapa, ukuta kwa ukuta na yangu. Kila kiangazi anakuja. Anashuka kwenye treni iliyochelewa, anagombana na dereva wa pikipiki juu ya mizigo, anafungua madirisha yote, anapiga chafya, kisha ananipigia kelele juu ya ukuta: "Mama Ngoie! Uko?" Wao ni Waislamu wa asili ya Maniema, watu wa soko na mizani. Sisi ni Wametodisti, watu wa chaki na kwaya. Mimi mwenyewe nafundisha Kifaransa katika sekondari. Kwa muda mrefu familia hizi mbili zilipeana chakula cha sikukuu juu ya ukuta ule ule, na zikasengenyana juu yake vile vile.

Kazi yake ukiisema kwa haraka ni hii: anachukua protini za bakteria na kuzijaribu ndani ya seli za binadamu, aone kama zinaweza kurekebisha jeni iliyoharibika. Ukiisema polepole inachukua miaka. Bakteria nao wanashambuliwa na virusi, na baadhi yao wana protini inayomkumbuka adui, inamtafuta na kumkata. Prof na wenzake wanaitoa protini hiyo kwa bakteria, wanaipa kielekezi cha kuionyesha mahali pa kukata, wanaiingiza katika seli ya mtu. Kisha wanauliza maswali yao. Inakata? Inakata pale ilipoambiwa? Na je, haikukata pengine ambapo haikuambiwa? Swali la mwisho ndilo linalomfanya Prof akose usingizi.

Mimi nina sababu ya kujua haya yote. Binti yangu Ngoie ana SS, ule ugonjwa wa damu ambao chembe nyekundu, badala ya kuwa duara na laini, zinajikunja na kuziba mishipa. Crise ikimpata, mifupa inamuuma mpaka sauti ya kulia inakauka. Kosa lote liko katika jeni moja, tena kwenye herufi moja tu ya jeni hiyo. Nasema wazi tangu sasa: kila mara nilipomkaribisha Prof kwangu, nilikuwa namkaribisha mtu ambaye huenda angeniokolea mtoto. Urafiki ulikuwepo, na ni wa kweli. Lakini haukuwa peke yake, na yeye alijua.

Mikono yake ndiyo kitu cha kwanza watu wanachokumbuka. Ananawa kabla ya kula kama sisi sote, lakini ananawa pia kabla ya kusalimia. Akiingia nyumbani kwako anapita moja kwa moja hadi kwenye ndoo, anajisugua mpaka kwenye viwiko, anatikisa maji, ndipo anageuka na kusema, "Jambo yenu." Mume wangu alipokuwa hai aliona ni dharau. Nilimweleza kwamba mtu huyu anaogopa kupeleka uchafu wa mkono wake ndani ya seli zake, na mazoea hayana likizo. Akajibu kwa Swahili yetu ya mtaani, "Minyi siko seli yake," yaani yeye si seli ya Prof.

Watu wanadhani mtu wa kazi nyembamba namna hiyo ana mikono ya ajabu. Uongo mtupu. Prof hajui kusonga bukari, ugali wetu. Bukari yake ina mabonge ambayo hata kuku wanayazunguka. Hajui kukata kitambaa. Siku moja nilimpa makasi yangu ya kushonea na kipande cha kitenge anisaidie kupunguza pazia, akakata mstari uliopinda kama njia ya kwenda kisimani. Nikamwambia, "Na huku wanasema weye njo unakata ADN, uzi wa jeni?"

"Minyi sikatake," akasema. "Ile protéine njo inakata. Minyi naangaliaka tu kama inakosea."

Subira yake nayo ni ya upande mmoja. Katika maabara anaweza kungojea seli zikue, zife, aanze upya, tena upya. Lakini mweke kwenye foleni ya mkate, utasikia ulimi wake mpaka kituo cha treni. Anasali sala zake zote kwa wakati, na huku akimenya vitunguu anaimba nyimbo za kwaya yetu, kwa maneno sahihi kuliko waimbaji wenyewe, maana alikulia chini ya dirisha la mazoezi. Mchungaji alipomtania kwamba ameanza kuvuka ukuta, alimjibu kwamba sauti ya pili ya kwaya ilikuwa mbovu kiasi kwamba ilibidi mtu wa nje airekebishe.

Protini zake anazipa majina. Kwenye karatasi za kazi zina herufi na namba ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu anaweza kuzikumbuka, lakini kwangu, kwenye kiti cha plastiki, zilikuwa na majina ya watu. Kulikuwa na Député, yaani mbunge: katika bakteria ilifanya makubwa, katika seli ya mtu ilikaa kimya na kula nafasi. Kulikuwa na Bwana Arusi, iliyofika kila mara wakati kazi imekwisha. Kulikuwa na Sodja, yaani askari. Kuhusu Sodja nitasema zaidi. Na kulikuwa na Tantine, protini fupi, ya polepole, ambayo Prof alisema inatembea kama shangazi aliyetumwa na ukoo: inafika, inaangalia, inahakikisha hii ndiyo nyumba, ndipo inabisha hodi.

Tantine ni ya kwetu. Bakteria wake walitoka katika tope la Kabondo-Dianda, pale kwenye ukingo wa maji ambapo wanakausha samaki. Prof alikwenda huko na ruhusa zake zote, akaripoti kwa chifu, akaingia topeni na mabuti ya mpira akijaza vichupa. Barabara ilimvunja mgongo. Wavuvi walimzunguka wakiwa na hakika kwamba anatafuta madini. Alipowaambia anatafuta vidudu visivyoonekana kwa macho, mzee mmoja alimwambia kwamba angekuja kulala kwenye chandarua chake angevipata vingi zaidi, tena vinaonekana. Prof alinisimulia hayo huku akicheka mpaka machozi, kisha akaniomba mafuta ya kuchulia kiuno.

Kabla ya Tantine kujulikana ilikuwa zamu ya Sodja, na zamu hiyo karibu inivunje moyo. Kiangazi kimoja Prof alifika amechangamka. Sodja ilikuwa inakata! Katika seli za binadamu, tena kwa nguvu, kuliko yoyote waliyoijaribu. Nilipika kuku. Ngoie wakati ule alikuwa mdogo, ametoka hospitali kuongezewa damu, macho bado ya njano. Nilimwambia Prof, "Basi tumefika?" Akasema bado, na mimi nikasikia "ndiyo". Kiangazi kilichofuata alifika amekonda. Alinawa mikono, akaketi, hakugusa chakula.

"Ilikata," akasema. "Ilikata kila pahali. Pale tuliiambia, na pale hatukuiambia. Ba-cellules bilikufa mingi."

Nilitamani kumshika mabega na kumtikisa. Badala yake nilimwekea chai, akainywa ikiwa baridi.

Sasa nifike kwenye habari ya makasi, maana ndiyo iliyomfanya awe mtu ninayemkumbuka hivi na si mwingine.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwangu. Nilikuwa nimemwomba Prof anieleze tena, polepole, protini inafanya nini. Alichukua kipande cha kitenge chenye maua. Kiwandani walikuwa wamekosea: ua moja limechapwa kichwa chini. Akaliwekea kidole. "Hii njo damu ya Ngoie. Maua yote iko muzuri, moya tu njo ilikosewa. Minyi natafuta kitu cha kuingia mu kitenge yote, isikate maua ya jirani, ifike tu hapa." Akainua makasi yangu ya kushonea, akayafungua na kuyafunga hewani. "Ile protéine njo makasi. Inatoka mu bactérie, inaingia mu cellule ya muntu."

Mlangoni alikuwa ameketi mke wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi, mama aliyekuwa akiniletea mikate. Tulijuana hospitali, kwenye benchi la kungojea damu, maana mwanawe wa kiume ana SS kama wangu. Alikuwa amempa kisogo Prof, anapanga mikate kwenye beseni, kwa hiyo kitenge hakukiona, na makasi hakuyaona. Alisikia maneno tu. Na mama huyu alikulia mbali na hapa, katika Kilingala, na Swahili yake ilikuwa ya kuokoteza sokoni. Aliaga kwa furaha ambayo sikuielewa, akaniachia mkate wa nyongeza.

Wiki ile ile asubuhi alirudi, safari hii kwa Prof. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikawaona juu ya ukuta. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa kitenge mpaka kichwani, nikadhani amelala. Mama akasema kwa heshima zote, mikono pamoja:

"Mama Prof, nimekuja juu ya ile makasi."

"Makasi?" Prof alishangaa kidogo. "Karibu, ikala. Nakuletea."

Akaingia ndani, akatoka na makasi yangu, ambayo Jumapili aliondoka nayo bila kunirudishia, akamnyoshea kwa upande wa mpini, kama mtu mwenye adabu. Mke wa askari aliyatazama. Akarudi nyuma hatua. Akakaza kitenge juu ya mtoto.

"Utamukata wapi?" akauliza.

"Nani?"

Mtoto akalia mgongoni, kilio kile kikavu ninachokijua, na nguo zikaniponyoka. Mimi ni mwalimu wa lugha; nilielewa kabla ya Prof. Kwetu makasi ni kitu cha kukatia. Kwa Kilingala makasi ni nguvu. Mama huyu hakusikia kwamba protini ni kikatio. Alisikia kwamba ina nguvu, kwamba imetoka katika mdudu na inaingia katika damu ya mtu, yaani dawa ya nguvu ya SS iko ndani ya mfuko wa Mama Prof. Nilipomwuliza kuhusu vidonge vya mtoto, alikiri: kwa kuwa alifikiri dawa ya nguvu na dawa ndogo hazikai katika tumbo moja, alikuwa ameacha kumpa mtoto vidonge vyake vya kila siku ili kumwandaa. Mtoto akapata homa, homa ikaleta crise.

Nilipiga kelele juu ya ukuta mambo hayo yote kwa mara moja, kwa Swahili, Kifaransa na Kiluba. Prof aliweka makasi chini kwenye ngazi. Sijawahi kuona uso ukibadilika haraka hivyo. Hakuuliza swali, alimchukua mama kwa mkono, akasimamisha pikipiki ya kwanza, hakujadili bei, wakaondoka watatu na dereva. Nikafunga mlango nikawafuata kwa miguu.

Mtoto aliwekewa serumu ya mshipani, akaongezewa damu, na baada ya siku kadhaa akawa anadai mkate. Nasema mapema ili usingoje kwa hofu: yuko hai, ni mrefu kuliko mimi, na ana ulimi. Lakini siku zile Prof alikaa kwenye benchi la hospitali karibu na mama yule bila kusema lolote kuhusu sayansi. Alishika chupa ya maji. Aliponiona alisema tu, "Minyi njo nilisema ile neno." Nikamjibu kwamba neno ni la Waswahili wote, hakulibuni yeye. Hakufarijika, na nadhani hakutaka kufarijiwa.

Huku nyumbani kwake foleni ilikuwa imeanza. Habari ilikuwa imeenea kambini, na akina mama walikuja kutoka Base na watoto mgongoni, kuuliza makasi. Mtu mwingine angefunga mlango au kupeleka ujumbe. Prof alikwenda mwenyewe Base. Alipata ruhusa ya kusimama uani, kati ya nyumba za askari, mbele ya akina mama waliokuja wamevaa vizuri, kama wanaokwenda kupokea kitu. Kilingala chake kilikuwa cha aibu. Akaanza, akakwama, akaanza tena. Ndipo mke wa askari akasimama karibu naye, mtoto wake kiunoni, akasema kwa sauti ya kuuzia mikate:

"Ezali makasi te! Ezali sizo!"

Yaani: si nguvu, ni mkasi. Kicheko kimoja kikatoka nyuma, kikasambaa, na ndani ya kicheko hicho nilisikia wanawake wakilia. Mmoja alimwuliza Prof, "Kwa hiyo dawa haiko?" Prof akajibu, "Bado." Mama mwingine akamwambia usoni kwamba angekaa Bulaya na bado yake, kuliko kuja kuwatoa watu nyumbani. Prof alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaeleza kuhusu vidonge, homa, maji ya kunywa, na siku gani usingoje asubuhi bali umkimbize mtoto hospitali. Alieleza mpaka jua likawa kali na mimi nikatafuta kivuli.

Tangu siku ile hasemi jambo lolote la maana bila kukuuliza, "Ulisikia nini?" Si "umeelewa?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Anataka urudishe kwa maneno yako mwenyewe, anasikiliza kichwa kimeinama, na mahali ulipokosea anaanza upya. Alimfanyia hivyo mchungaji. Alimfanyia fundi wa paa, ambaye alidhani anadharauliwa, na paa lake ndilo pekee mtaani lisilovuja. Kaka zake wanasema inachosha. Mimi nimeiiba, naitumia darasani, na wanafunzi wangu wanailaani kwa Kifaransa kizuri.

Na bado yake? Ilizidi. Kabla ya makasi ilikuwa mazoea; baada ya makasi ikawa sheria. Hakukubali hata kutabasamu ukimtajia dawa. Mwaka ambao Ngoie alilazwa mara nyingi mpaka manesi wakawa wanamtunzia kitanda, nilimfuata Prof jikoni kwake nikamwambia yote. Nilimwambia bado yake inaniua. Nilimwambia mama anahitaji kitu cha kushika, hata kidogo, hata cha uongo, na kwamba mtu anayejua mengi namna ile na kutoa neno moja tu ni bahili. Nililia, nikapiga meza. Sijutii, ningeyasema tena leo.

Aliacha sufuria ikiungua. "Mama Ngoie," akasema, "nikikubongopea leo, siku nitakuletea ya kweli utaijua namuna gani?"

Nilizima jiko lake, maana yeye hakuona kwamba mboga imekuwa mkaa, nikaenda nyumbani nimekasirika. Kesho yake alinipigia kelele juu ya ukuta kama kawaida, nikaitika.

Sitaki umwone kama mtu mkavu. Alimfundisha Ngoie kucheza karata na kumwibia katika karata. Alimletea soksi nene za sufu, kwa sababu huku kwetu kiangazi kina baridi ya usiku, nayo inamletea crise, na soksi hizo zilikuwa za rangi mbaya kupita zote duniani. Ngoie akiwa kitandani hawezi kusogea, Prof alikaa miguuni pake akimhadithia visa vya Tantine: leo Tantine ameingia seli, amepotea njia, ameuliza, wamemwelekeza vibaya, amekaa kwenye jiwe kupumzika. Ngoie akauliza, "Na alifika?" "Bado," anasema Prof. Mtoto aliguna kwa maumivu na kucheka kwa wakati mmoja. Nadhani kuna siku ambazo alipona kwa ajili ya kutaka kujua Tantine amefika wapi.

Kiangazi hiki Prof alichelewa. Ngoie sasa ni msichana mkubwa, amefaulu mtihani wa taifa, ana maneno ya dharau kwa kila kitu isipokuwa karanga. Vidonge vipya alivyoandikiwa vimempunguzia crise, ingawa havijaziondoa. Mwezi uliopita ilimlaza tena. Alasiri moja tulikuwa ukumbini tunabambua karanga, mlango ukasukumwa. Prof aliingia na vumbi la safari, mfuko bado begani. Akapita ndoo. Akaipita, nakwambia, bila kuitazama, akaketi kwenye kiti cha plastiki mikono ikiwa michafu vile vile.

"Tantine," akasema.

Ngoie akaacha karanga.

Akatueleza. Walichukua seli za damu za watu wenye SS, waliokubali wenyewe kuzitoa. Wakaiingiza Tantine. Ikakata pale ilipoambiwa. Wakatafuta kila mahali pengine, kwa njia zote walizo nazo, wakarudia, wakawapa watu wa maabara nyingine watafute kwa macho yao, maana macho ya mzazi hayaoni kasoro ya mtoto. Hawakuona imekata pengine. Seli zilizorekebishwa zikakua, zikawa chembe nyekundu, na walipozinyima hewa, pale ambapo chembe za SS zinajikunja, hizi zilibaki duara. Prof alichora duara kwa kidole kwenye vumbi la goti lake.

"Mu cellule ya muntu?" nikauliza.

"Mu cellule ya muntu. Lakini cellule mu sahani haiko muntu, Mama Ngoie. Sikia vizuri." Akaanza kuhesabu yaliyobaki: namna ya kuifikisha mwilini, majaribio ya usalama, vibali, wagonjwa wachache wa kwanza, na kuwangoja hao kwa muda mrefu, kisha vita ya kuhakikisha haiishii Bulaya tu. Alitaja kila kikwazo kwa jina. Nilimsikiliza kama nilivyomsikiliza miaka yote, nikijua neno gani linakuja mwishoni.

Ngoie ndiye aliyeuliza. Hakuzunguka. "Mama Prof, itanifikia minyi?"

Prof alifungua mdomo. Nikaliona lile neno linapanda. Alilisema.

"Bado."

Kisha hakufunga mdomo. Alitazama mikono yake, akaona uchafu, nadhani ndipo alipogundua kwamba hakunawa. Akamtazama Ngoie.

"Bado kidogo," akasema.

Prof alikuwa ameogopa. Niliona jasho juu ya mdomo wake, mtu aliyesimama mbele ya Base nzima bila kutetemeka. Akamwinamia binti yangu, kwa ukali karibu:

"Weye ulisikia nini?"

Ngoie alichukua karanga, akaibambua, akaiweka katika kiganja kichafu cha Prof.

"Nilisikia 'kidogo,'" akasema. "Ile ingine nilikuwa najua tangu zamani."